Jina la Tatu Kwenye Karatasi ya Machela

Nakivale, tarehe 12 mwezi wa pili, 2005

Kwa Baba Mudogo wa Nathalie, shemeji yangu Déo,

Yezu asifiwe. Sisi tungali wazima, kwa uzima ule wa huku ambao mtu haulizwi mara mbili. Mahindi yalichomwa na jua lakini maharage yamekubali. Pélagie jirani yangu amezaa mapacha, wanaume wote wawili, na sasa ana kiburi, hata salamu yake ni ya kuomba. Mbuzi uliyetununulia alizaa, kisha akala mfuko wa nailoni akafa. Mtoto wake tunamlea. Na wewe? Hudu, yule anayetubebea barua, aliyeniletea sabuni yako, anasema umenenepa mashavu. Ni maziwa hayo. Mtu anayepima maziwa ya watu kutwa nzima pale Bwizibwera hawezi kukonda hata akifunga Kwaresima yote.

Sasa neno lenyewe. Mguu wa Nathalie umefunguka tena. Kile kidonda cha chini ya goti, kilichofunga wakati wa Noeli tukamshukuru Mungu, kilitoa usaha siku nne, halafu kikatoka kipande cha mfupa, kidogo sawa punje ya muhindi. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakipeleka dispensari. Daktari akakigeuzageuza, akasema ugonjwa uko ndani ya mfupa na dawa za kumeza hazifiki kule. Inatakiwa kupasua na kusafisha. Tukichelewa, watakata mguu. Alilisema mbele ya mtoto mwenyewe, shemeji! Mtoto wa miaka kumi na moja. Njia nzima ya kurudi aliniuliza mguu uliokatwa unazikwa fasi gani, na kama unawekewa msalaba.

Tulipewa barua ya kwenda hospitali ya serikali, tukaenda. Hawakututendea vibaya, nisiwasingizie. Lakini watu walikuwa mingi, na tarehe tuliyopewa ni ya mwezi wa kumi na moja.

Ndipo alipokuja Mzee Rwakabuba. Unamkumbuka, yule aliyefika huku tangu miaka ya sitini. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha machela, wenyeji wanaita engozi. Nyumba za huku zimejiunga, wenyeji na wakimbizi: mgonjwa wao wanambeba kwa mabega mpaka hospitali, na akifa wanambeba mpaka kwake. Sasa hospitali ya misheni imesema vikundi vya machela vinaweza kuingia kwenye bima yake. Na Hudu anasema wewe pia una kadi ya bima ya kampuni yenu ya maziwa. Bima, bima! Kila mtu analitamka kama jina la mtakatifu. Wewe ulimaliza sekondari. Nieleze mimi niliyeishia darasa la sita: njia ipi itauokoa mguu wa mtoto wa kaka yako?

Na neno moja nje ya hayo. Kaka yako Musoni alikuja. Ilikuwa Jumanne, saa sita ya mchana, napalilia maharage, nikamwona mwisho wa shamba pale penye miiba. Alisimama tu. Hakuwa na viatu. Usicheke. Nilimwita kwa sauti, na Pélagie akauliza kutoka kwake, "Unaita nani?" Nikasema naita mbuzi.

Shemeji yako,
Perpétue

Mbarara, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2005

Mama Nathalie mpendwa,

Salamu zako zimenifika pamoja na maharage, na yameiva kwa saa moja tu, tofauti na ya hapa mjini ambayo yanataka kuni za harusi. Pole kwa mbuzi. Mpe Pélagie pongezi, mwambie mapacha hawamzuii mtu kusalimia majirani. Mimi sijambo. Kampuni imenitoa Bwizibwera, imenileta hapa ofisini. Sipimi tena maziwa, naandika waliopima. Bega la kushoto linanisumbua kidogo, nadhani ni kiti.

Suala lako nimelizunguka wiki mbili. Njia ni tatu.

Ya serikali si bima. Ni haki ya kila mtu, na ndiyo sababu kila mtu yuko kwenye foleni. Haikuulizi jina la baba wala la mume. Inakuuliza subira tu, na mguu wa Nathalie hauna subira.

Ya kampuni ni bima ya biashara. Kwa kadi yangu Nathalie angepasuliwa wiki hii hii, kwenye kitanda chenye shuka mbili. Lakini karatasi yake ina mstari mmoja wa mke na minne ya watoto. Hakuna mstari wa shemeji, hakuna mstari wa mtoto wa kaka. Nilimuuliza karani kama inawezekana kuongeza. Akasema, "Mtu anaandika mke wake na watoto wake, basi." Nikaondoka. Najua wazee wa kwetu wangesema nini juu ya mstari ule, na wewe unajua. Tuuache.

Ya machela ndiyo nakushauri. Ni bima ya watu wanaojuana. Misheni haipokei mtu mmoja mmoja, kwa sababu kila mtu angesubiri augue ndipo ajiandikishe. Inataka kikundi kizima, na katika kila nyumba inataka watu wote, wazima pamoja na wagonjwa, ili mchango wa mzima umbebe mgonjwa. Ugonjwa wa zamani pia wanaupokea. Ila kuna kungoja: miezi mitatu tangu kujiandikisha ndipo upasuaji unaingia. Jiandikishe sasa, mwezi wa saba Nathalie atakuwa mezani kwa daktari. Uliza sana juu ya orodha ya nyumba. Karani wa bima ana macho zaidi kwenye orodha kuliko kwenye kidonda.

Juu ya yale ya shambani, jua la mwezi wa pili ni kali. Funga kitambaa kichwani.

Wako,
Déo

Nakivale, tarehe 2 mwezi wa nne, 2005

Shemeji Déo,

Kitambaa ninacho. Nilikuwa nimekifunga hata siku ile.

Habari za huku: mvua imeanza, mapacha wa Pélagie wanalia kwa zamu, na Nathalie ameongoza darasa kwa hesabu ingawa anakwenda skuli kwa mguu mmoja na fimbo. Hudu kakuletea samaki wakavu. Ukimpa paka nitajua.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita tulijiandikisha. Misheni ilimtuma karani wake, msichana mwembamba, jina lake Constance, na kijana wa kupiga picha. Tulipanga mstari mbele ya kanisa. Rwakabuba alikaa naye mezani, kwa sababu orodha ya kila nyumba wanaitoa kwenye karatasi ya familia tuliyopewa Kabazana siku ya kufika. Ya kwangu ina majina matatu: Perpétue, Nathalie, Musoni. Unakumbuka, niliwaambia mume yuko nyuma anakuja. Wakaandika.

Constance akaniuliza, "Mama, huyu mtu ya tatu iko wapi? Mimi lazima naona sura yake."

"Iko njiani."

"Anafika saa ngapi?"

"Yuko njiani tangu mwaka wa elfu mbili na mbili," nikasema.

Batu bakacheka, Déo. Mstari mzima. Nikamtolea mchango wake pale pale, nikauweka mezani: wangu, wa Nathalie, wa Musoni. Pélagie aliniambia baadaye nimekuwa mjinga, kwamba ningenyamaza wakalifuta jina lake. Lakini kama atafika akiwa mgonjwa? Mtu aliyetembea miaka mitatu hawezi kufika mzima. Nitamwambiaje kwamba siku ya kuandikwa nilimwacha nje?

Rwakabuba hakucheka. Aliupokea mchango, akaandika amelipiwa. Constance akasema kanuni ni hii: nyumba yenye uso uliokosekana haifunguliwi. Mpaka mwisho wa mwezi wa sita, ama Musoni asimame mbele ya picha, ama mimi nitie sahihi kwamba ameondoka nyumbani, ama mtu aliyemwona amekufa atie sahihi kwamba amekufa. Bila hivyo kadi yetu inabaki imefungwa, na mguu wa Nathalie nao.

Na siku ya pili Baba Gatete, mkubwa wa ukoo wetu, akaja na fimbo yake ya ukoo. Eti mke wa kaka hawezi kukaa kama shamba lisilo na mwenyewe, eti Déo alete kuku yaishe, atuandike kwenye ile kadi ya kampuni mtoto apone. Nikamwambia mume wangu ana jina na jina lake limelipiwa.

Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Sikudai mingi. Niandikie tu ulimwacha fasi gani.

Perpétue

Mbarara, tarehe 20 mwezi wa tano, 2005

Mama Nathalie,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi. Samaki tuliwala, hapa hakuna paka. Mwambie Nathalie namtumia daftari na kalamu nne, ya kijani ni kwa ajili ya kuongoza darasa.

Nasema tuliwala kwa sababu kuna jambo sijakueleza. Kuna msichana, anaitwa Aishah, dada yake Ashiraf mwenye duka la vitambaa. Ni Waislamu, watu wa hapa Mbarara. Tumekubaliana. Mstari ule wa mke nimeuandika jina lake. Nilitaka usikie kwangu.

Juu ya Musoni, nilikwambia Kabazana na narudia: tuliachana kwenye kizuizi cha barabarani, watu walikimbia kila upande. Sina la kuongeza. Tia sahihi kwamba ameondoka. Ni neno la karani tu, halimdhuru mtu, na kadi inafunguliwa siku hiyo hiyo.

Bega bado. Nilikwenda kliniki kwa kadi, wakapiga picha ya mifupa, wakasema hakuna kitu. Daktari aliniuliza kama nimewahi kubeba mzigo mzito. Nikasema hapana.

Déo

Nakivale, tarehe 29 mwezi wa tano, 2005

Kwako Déo,

Leo sina habari za mvua.

Kwanza Aishah. Mungu awabariki, yeye kwa dini yake na wewe kwa yako, mtajua wenyewe. Lakini ulidhani nitalia? Ulidhani nakaa huku namngojea mtoto niliyemnyoa chawa akiwa na miaka kumi aje aniletee kuku? Mimi sikutaki, Déo! Nimwambie Gatete hivyo mbele ya ukoo wote? Nitamwambia Jumapili, baada ya misa, apate watu wa kutosha wa kumpa pole. Sasa hilo limeisha. Hutalitumia tena kujifichia.

Pili, sahihi. Unataka niandike Musoni ameondoka. Kwa wenyeji neno hilo maana yake ni mwanaume aliyetoroka nyumba yake, na Rwakabuba atalisoma kwa sauti mbele ya kikundi kama wanavyosoma kila kitu. Musoni aliniinua mimi na mtoto mpaka juu ya lori pale Goma, na dereva aliposema nafasi ni ya mama na mtoto tu, alimshukuru. Alimshukuru dereva, Déo! Mtu huyo hakuniondokea. Mkono wangu hautaandika hivyo hata kwa mguu wa Nathalie, na ninalia nikiandika haya, kwa sababu mguu umevimba mpaka juu ya goti, harufu imeanza, na skuli wamesema akae nyumbani.

Tatu, kile usichopenda kusikia. Sasa simwoni tena. Namsikia. Mchana, nikiwa peke yangu, nyuma ya nyumba, miguu inayoburuzika. Si mtu anayetembea. Ni miguu inayovutwa chini, yenye vidole vinavyokwaruza mawe. Juzi nilitoka nikakuta vumbi limetulia. Nathalie aliniuliza, "Mama, nani anaburuza gunia?" Naye amesikia. Nimwambie nini?

Zimebaki siku thelathini na mbili.

Perpétue

Mbarara, tarehe 14 mwezi wa sita, 2005

Mama Nathalie,

Kaka yangu alikufa. Naliandika mwanzo ili nisipate pa kulikimbilia.

Hakukuwa na kizuizi. Siku ya pili baada ya lori lenu kuondoka, Musoni alishikwa na homa. Siku ya nne hakuweza kusimama. Tulikuwa tumefika kijiji kimoja cha mlimani, siku mbili kabla ya mpaka wa Bunagana, na waliniambia dispensari iko mbele, mwendo wa nusu siku. Chini ya paa la nyumba moja kilining'inia kipoyi, machela kama ya kwenu, imesukwa vizuri, na vipini vinang'aa kwa mikono ya watu. Nilipiga magoti. Mzee wao akaniuliza, "Huyu ni wa kikundi gani?" Nikasema ni wa kwetu, kusini. Akasema, "Kipoyi yetu inabeba batu ya kwetu." Hawakuwa watu wabaya, Mama Nathalie. Vita vilikuwa barabarani. Wanaume wanne wakitoka kumbeba mgeni, huenda wasirudi wanne. Mama mmoja alitupa maji na ndizi mbili.

Nikamweka mgongoni. Unajua alivyokuwa mrefu na mimi nilivyo. Miguu yake ilifika chini. Viatu vilikwama kwenye mawe, ikabidi nimvue, nikavifunga shingoni kwa kamba zake. Kwa hiyo miguu ilikuwa inaburuzika mitupu. Alikuwa akisema, "Miguu, Déo. Miguu yangu." Nikimwinua inapanda kidogo, nikichoka inashuka tena. Nilisikia vidole vyake vikikwaruza njia nzima. Hakuna mtu niliyemweleza hayo, hata padri. Niliposoma barua yako niliitupa sakafuni, na Aishah akadhani nimechomwa na kitu.

Kidevu chake kilikuwa kwenye bega langu la kushoto. Tulipovuka mto hakusema tena. Mimi niliendelea kutembea na kuongea naye, nikimwambia juu ya Nathalie, kwamba mtakuwa mmeshapika. Sijui ni saa ngapi. Mwanamke aliyetoka shambani akanisimamisha, akauliza nambeba nani. Nikasema kaka yangu. Akatazama, akasema, "Muweke chini, mwanangu. Ameisha." Akanipa jembe lake. Nilimlaza nyuma ya mihogo yake, chini ya mparachichi, peke yangu. Sikumuuliza mama yule jina. Viatu nilivivaa kwa sababu vyangu vilikuwa vimekwisha.

Kabazana uliniuliza, "Musoni iko wapi?" Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ningesema amekufa, kesho yake Gatete angenikabidhi wewe na mtoto, na nilikuogopa, nisamehe. Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine niliogopa utaniuliza kwa nini sikutembea haraka zaidi. Hata sasa sijui jibu. Labda nilipumzika mara nyingi. Nilipumzika mara sita.

Karatasi ya Constance nimeijaza: nilimwona amekufa, nilimzika kwa mikono yangu. Ashiraf ametia sahihi ya shahidi kwamba nimeapa mbele yake. Hudu ataikabidhi mkononi mwako. Viatu viko katoni chini ya kitanda. Siwezi kuvivaa, siwezi kuvitupa.

Déo

Nakivale, tarehe 16 mwezi wa saba, 2005

Baba Mudogo wa Nathalie,

Yezu asifiwe. Mtoto amepasuliwa tarehe tano. Walifungua, wakachimba, wakatoa mfupa uliooza, na daktari amesema mguu unabaki. Unabaki, Déo! Nathalie aliwaomba wamwonyeshe walichotoa, wakamkatalia, amenuna mpaka leo. Tulibebwa na machela mpaka barabarani, watu wanane wakipokezana, na mmoja wao alikuwa yule aliyecheka zaidi siku ya picha.

Barua yako nilisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro. Nimelia mpaka Pélagie akaja na mapacha wote wawili. Sitakuuliza juu ya mwendo wako. Mtu mmoja habebi mtu mmoja, ndiyo maana watu walisuka machela.

Lakini nami nina langu sikusema. Ulipofika Kabazana niliviona viatu. Cha kushoto nilikishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, nakijua kama mkono wangu. Niliviona kabla sijauona uso wako. Sikuuliza, na wewe hukusema. Nilijua na sikujua. Mtu anaweza yote mawili kwa miaka mitatu kama hakuna anayefungua mdomo.

Nilipopeleka karatasi yako, Constance alilipiga jina mstari kwa rula, pole pole, akaniambia pole. Nikadhani imekwisha. Rwakabuba akasema, "Ngoja." Akafungua daftari la kikundi. "Huyu alilipiwa? Alilipiwa. Amekufa? Amekufa. Basi iko ya kubebwa mpaka kwake. Hii ndiyo kazi ya engozi."

Wakabishana saa nzima. Mmoja akasema hakuna maiti, tutabeba nini? Rwakabuba akamjibu, "Kanuni imeandika anabebwa. Haikuandika kilo ngapi."

Ni Jumamosi ya tarehe thelathini, kuanzia lango la Kabazana, fasi ambapo wanaofika wanaandikwa, mpaka mlangoni kwangu. Lete viatu. Kipini cha mbele, upande wa kushoto, wamekuachia wewe.

Perpétue

Nakivale, tarehe 5 mwezi wa nane, 2005

Shemeji yangu Déo,

Salamu kwako na kwa Aishah. Mwambie asante kwa kulia nasi. Alilia sawa ndugu wa damu, na mtu ambaye hakumjua marehemu hana lazima ya kulia hivyo. Hata Gatete aliuliza ni wa ukoo gani, nikamwambia ni wa ukoo wetu, anywe chai yake. Mliondoka bila kula. Ugali wenu alikula Hudu.

Nataka kukwambia nilichoona mimi niliyetembea nyuma, kwa sababu wewe ulikuwa mbele hukuona. Blanketi ilikuwa imetandikwa vizuri kwenye machela na viatu juu yake, kimoja kando ya kingine, ncha zikitazama mbele. Viatu tu. Lakini wale wanaume walikuwa wanahema, Déo. Walibadilishana mabega kwenye mlima kama wanavyobadilishana wakimbeba mtu mzima, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisimama, wakashusha madumu.

Na wewe ulikataa kupokelewa mzigo. Walikujia mara ya kwanza, ukatikisa kichwa. Mara ya pili ukatikisa kichwa. Nikamwona Rwakabuba, mzee wa miaka sabini na kitu, anaacha fimbo yake kwa mtu, anakuja mbele, anakwambia, "Leta bega." Ukasema bado. Akasema, "Kijana, hii si mgongo yako, hii ni engozi. Mwenzako akisema leta, wewe unatoa." Ndipo ulipotoa. Ulisimama kando ya njia mikono mitupu, machela ikakupita, na nilipokufikia ulikuwa unajishika bega na kulitazama kama kitu cha mtu mwingine. Linaendeleaje? Usinijibu kwamba ni kiti.

Viatu tumevizika nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa nasikia. Nathalie alikaa kwenye kiti na mguu wake umefungwa, akamwaga udongo wa kwanza. Kadi mpya imekuja, ina majina mawili na nyuso mbili, na uso wangu wameupiga vibaya, nafanana na Gatete.

Leo mchana nilikuwa shambani. Maharage ya msimu huu ni mazuri, nitakupa gunia. Nilipofika mwisho wa mstari, pale penye miiba, nilisimama nikatazama. Hapakuwa na mtu. Upepo tu, na mbuzi wetu mudogo kamba shingoni. Nikamwita Musoni hata hivyo, kwa sauti yangu yote, jina lake na jina la baba yake.

Pélagie akauliza kutoka kwake, "Unaita nani?"

Safari hii sikusema mbuzi. "Namwita mume wangu," nikamwambia. "Amefika Jumamosi."

Mama Nathalie,
Perpétue